Kalenda yetu ina jeshi na mbio, mke wangu anaandika kwa penseli

Shikamoo mama,

Huwa naisoma safu yako na kucheka matatizo ya wenzangu. Leo zamu yangu imefika.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, nimeoa na nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili saba, na kitinda mimba miwili. Siku za kazi ni mhandisi. Zaidi ya hapo ni ofisa wa jeshi la akiba, cheo changu kapteni. Nilikula kiapo kabla sijaoa, kwa hiyo mke wangu alinikuta na magwanda yangu, hakushtukizwa. Kila mwezi wikiendi moja niko kikosini, na mara moja kwa mwaka tunaingia kambini wiki mbili mfululizo. Hiyo ni ya kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba jioni nyingi niko kwenye simu na askari wangu, au naandaa ratiba ya mafunzo, au namjibu mnadhimu anayetaka taarifa ya vifaa leo hii hii.

Jambo la tatu ni mbio. Nilianza kukimbia ili nisifeli jaribio la utimamu wa mwili jeshini, nikanogewa. Nimeshamaliza marathoni kadhaa, na mwaka huu nimejiandikisha Comrades, zile za Afrika Kusini kati ya Durban na Pietermaritzburg. Ni takriban kilomita 90, na muda unaoruhusiwa ni saa 12 tu tangu kuanza. Bunduki ya mwisho ikilia hujavuka mstari, huna medali. Kwangu si mbio tu. Zilianzishwa mwaka 1921 na Vic Clapham, askari aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kuwaenzi wenzake waliokufa. Bwana huyo alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 2,000 huku Afrika Mashariki wakiyafukuza majeshi ya Wajerumani. Mama, mwanajeshi asipozikimbia hizi, azikimbie nani?

Ratiba yangu ni hii. Siku nne za wiki natoka saa kumi na nusu alfajiri, nyumba nzima imelala, kwa hiyo hakuna ninayemwibia muda wake. Jumapili ni mbio ndefu, za muda wa saa tatu, nne, safari nyingine tano. Nikirudi naoga, nakula, najinyoosha kidogo. Ikiwa ni wikiendi ya kikosi, mbio ndefu naihamishia Ijumaa usiku. Tangu nianze programu hii sijaruka mbio ndefu hata moja, na hilo najivunia.

Sasa tatizo. Mlangoni mwa jiko tuna kalenda kubwa ambayo niliipanga mwenyewe: kalamu nyekundu ni jeshi, ya bluu ni mbio. Mwezi uliopita nilikuwa naongeza zoezi la usiku, nikakuta kwenye tarehe ile mke wangu ameandika kitu kwa penseli. Nikafuta, nikaandika nyekundu. Jioni akasimama pale muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ulisoma nilichoandika?" Nikamwambia maandishi hayakuonekana vizuri. Akasema, "Ndiyo maana naandika kwa penseli," akaenda kulala. Hadi leo hajaniambia ilikuwa nini. Nikiuliza anajibu yameisha. Tangu siku hiyo anaongea nami kwa adabu nyingi, karibu chai, pole na safari, utadhani mimi ni mgeni aliyefika kwa basi la usiku. Na shanta langu, ambalo zamani alikuwa akinifungashia mwenyewe, sasa analipita sebuleni kama halipo.

Si kwamba sijajitahidi. Mkubwa alipokuwa na sherehe ya shule, tulimwomba mwalimu aturekodie video. Kumbukumbu ya ndoa yetu iliangukia wikiendi yenye mbio ndefu kuliko zote, tukaisogeza mbele wiki mbili, na yeye aliniruhusu. Miadi ya kliniki ya mdogo, mama yake aliihamisha ili isigongane na kambi. Hakuna kilichoharibika.

Yapo mawili ya mwisho. Kamanda wa kikosi amenidokeza kuwa ananifikiria kwa ukuu wa kombania mwaka ujao. Hiyo ndiyo njia ya kuelekea cheo cha meja. Mke wangu sijamwambia, nasubiri apoe. La pili ni dogo. Tangu matembezi ya mwisho ya kikosi, kilomita 20 na shanta la kilo 20, sehemu ya juu ya mguu wa kushoto, juu ya vidole kidogo, inauma nikikimbia. Pamevimba kiasi. Nikipumzika panatulia, nikianza tena panarudi, kwa hiyo nameza dawa ya maumivu kabla sijatoka. Nalitaja kwa sababu tu mke wangu analifanya ushahidi kwamba nimezidisha.

Naomba unifundishe nivipange vipi vitu hivi vitatu vikae sawa, na nimweleweshe vipi mwenzangu. Mimi si mlevi, si mhuni, mshahara unafika nyumbani. Nakimbia tu, mama.

Kapteni

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na hilo uliloliita dogo. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, dola ya Wajerumani ya enzi hizo, aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari waliokuwa wakirudi kutoka matembezi marefu na miguu imevimba, inauma, bila jeraha lolote. Hakujua kilichomo ndani, maana eksirei zilikuwa bado hazijavumbuliwa. Zilipokuja, miaka 40 baadaye, ndipo ikaonekana: mifupa mirefu ya katikati ya mguu, ile inayoelekea vidoleni, imepata nyufa. Haikupigwa, haikuangukiwa na kitu. Ilichoshwa tu, hatua juu ya hatua, mzigo juu ya mzigo, bila kupewa siku za kujijenga upya. Hadi leo wanaopata ufa huo zaidi ni makundi mawili: askari na wakimbiaji wa masafa marefu. Wewe uko katika yote mawili, na shanta la kilo 20 juu yake.

Mimi si daktari na sijauona mguu wako. Lakini maumivu yanayokuja ukiubebesha na kutulia ukipumzika, pamoja na uvimbe wa juu ya mguu, si kitu cha kumezea kidonge. Kidonge kinanyamazisha kengele. Nenda wiki hii, na ukifika mweleze daktari habari yote, matembezi na mbio, usimwambie tu "mguu unauma". Ujue pia kwamba ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo. Picha ikitoka safi na maumivu yakaendelea, usishangilie. Uliza kuhusu kipimo cha MRI. Ukikutwa ni ufa, kwa kawaida ni wiki sita hadi nane bila kukimbia. Ukiendelea kuukanyagia unaweza kukatika kabisa, na hapo hata kikosini utakaa ofisini na magongo. Mpaka umwone daktari, usikimbie. Hata Jumapili hii.

Haya, tuje nyumbani.

Barua yako niliirudia nikiwa na kalamu mkononi, nikawa napiga mstari chini ya kila kilichohama. Sherehe ya mtoto ilihamia kwenye video. Kumbukumbu ya ndoa ilisogea wiki mbili. Kliniki ya mdogo ilibadilishwa tarehe, na hukuibadilisha wewe. Maandishi ya penseli yalifutwa. Kisha nikatafuta ni kitu gani cha jeshi kilichohama kwa ajili ya nyumba, sikukiona, na hapo sikulaumu sana kwa sababu jeshi ni jeshi. Nikatafuta cha mbio. Nikakuta mbio ndefu ilitoka Jumapili ikaenda Ijumaa usiku, lakini haikufutwa hata siku moja, na unajivunia.

Unaniuliza vitu vitatu vikae sawa vipi. Kwa nini vikae sawa? Jeshini ulikula kiapo. Ukiitwa unakwenda, na mkeo alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Ndoa nayo ulikula kiapo, mbele ya mashahidi waliovaa wakapendeza. Mbio ulijiandikisha kwa simu ukiwa umekaa kwenye kochi. Sizidharau, nitazirudia. Lakini katika hivyo vitatu, chenye uwezo wa kupisha ni kimoja, na ndicho hicho ambacho hakijawahi kupisha. Wiki ambayo jeshi na nyumba vyote vinakudai, mbio ndiyo ya kwanza kuondoka kwenye kalenda. Kwako wewe kinachoondoka ni nyumba.

Nadhani najua kwa nini. Umezoea kutii ratiba. Mtu akikuandikia kwenye karatasi "kilomita 35, Jumapili", wewe unaipokea kama amri iliyotoka makao makuu. Programu ya mazoezi haina cheo, mwanangu. Hakuna atakayekushtaki kwa kutoitii.

Sasa hiyo hesabu yako ya alfajiri, kwamba hakuna unayemwibia. Mtoto wa miaka miwili anaamka saa ngapi kwenu? Akiamka saa kumi na moja na nusu, wewe uko kilomita ya kumi, nani anamnyanyua? Na mtu anayeamka saa kumi na nusu lazima saa tatu usiku awe anasinzia. Saa tatu usiku ndiyo saa ambayo watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na mama mwenye watoto watatu ana dakika zake za kwanza za kuzungumza na mtu mzima. Anageuka, mtu mzima mwenyewe anakoroma. Na jioni ambazo hukoromi, uko kwenye simu na mnadhimu.

Jumapili nayo ni hivyo hivyo. Umeniambia mwenyewe kwamba jeshi la kwenye karatasi si jeshi halisi, kwamba wikiendi moja kwa mwezi huzaa simu za kila jioni. Mbona mbio unazihesabu za kwenye karatasi? Saa nne barabarani, kisha kuoga, kula, na hiyo "kujinyoosha kidogo" ambayo wake za wakimbiaji wote wanaijua urefu wake. Unaamka kumi jioni, una njaa tena, na watoto wameambiwa tangu asubuhi wasipige kelele, baba amechoka.

Halafu ile sentensi yako ya mwisho, kwamba si mlevi, si mhuni. Nimepokea barua nyingi zenye sentensi hiyo, na zote zimeandikwa na wanaume. Ni kweli na ni sifa. Lakini hebu kaa upande wake kidogo. Mke wa mlevi akilia, ndugu wa pande zote mbili wanakuja, kikao kinawekwa, mume anasemwa. Mkeo yeye akalie kwa nani? Mumewe analitumikia taifa. Mumewe ana afya, hana kitambi, picha zake na medali zinapendwa na watu kibao. Akifungua mdomo ataambiwa mshukuru Mungu, wenzio wanalala baa. Kwa hiyo hafungui. Anaandika kwa penseli. Upweke wa namna hiyo una ukali wake, kwa sababu aliye nao hana hata ruhusa ya kuulalamikia, na nadhani hiyo adabu anayokupa sasa ndiyo namna pekee iliyobaki ya kukuambia. Mwanamke anayegomba bado ana matumaini na wewe. Huyu ameanza kukukaribisha.

Usimuulize tena ilikuwa nini. Umeshauliza, amesema yameisha, na kila ukirudia swali unamtwisha kazi ya kukutuliza wewe. Badala yake mwambie kilichotokea hasa. Kwake ulisema maandishi hayakuonekana vizuri. Kwangu umesema "nikafuta". Haya mawili hayalingani na yeye analijua hilo, maana alisimama pale akaona alama za kifutio. Mwambie: niliona umeandika, sikusoma, nikafuta. Basi. Usiongeze "lakini", usiongeze habari za zoezi la usiku. Akiamua kukuambia ilikuwa nini, atakuambia siku yake. Na hilo zoezi la usiku lenyewe, naomba ujiulize: liliagizwa, au ulilibuni wewe? Umeandika "nilikuwa naongeza". Ofisa mchapakazi hujipa kazi ambazo hakuna aliyemtuma, kisha akifika nyumbani anasema jeshi limeniita.

Kalenda ianze upya. Vikosi vya akiba huwa na ratiba ya mwaka. Chukua tarehe zilizoagizwa kweli, kambi na wikiendi za mafunzo, uziandike. Halafu mpe yeye kalamu, ya wino, rangi anayoitaka, aandike ya kwake na ya watoto kwa miezi mitatu ijayo ukiwa umekaa pembeni umenyamaza. Ya kwake nimesema. Si sherehe za shule tu. Na zile saa anazotaka kuwa peke yake au na marafiki zake, wewe ukiwa na watoto watatu na simu iko kabatini. Hutakuwa unamsaidia kulea. Ni wanao. Bluu inaingia mwisho, kwenye nafasi zilizobaki, na kama mwezi fulani nafasi ni chache basi bluu ni chache.

Najua hapo moyo umeruka. Mkimbiaji akisikia "punguza" anasikia "kufa". Basi nikutulize na jambo la kweli. Kuna utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo watu waliokuwa wakifanya mazoezi siku sita kwa wiki walipunguziwa hadi siku mbili tu, kwa sharti kwamba siku hizo wajitume kwa ukali uleule wa mwanzo. Kwa wiki 15 uwezo wa moyo na mapafu yao haukushuka. Miguu ya kilomita 90 huwezi kuitunza kwa siku mbili, sikudanganyi, lakini msingi wako hautayeyuka. Mguu ukipona, siku tatu kwa wiki zinatosha kukuweka tayari kwa jaribio la jeshi na hata kwa nusu marathoni nzuri: moja ya kasi, moja ya wastani, moja ndefu isiyozidi saa mbili. Jumapili mbili za mwezi kimbia, zilizobaki kaa nao. Na mwezi wenye matembezi ya shanta, hayo matembezi ndiyo mbio ndefu ya wiki. Kuyafanya Jumamosi baada ya kukimbia kwa muda wa saa nne usiku wa Ijumaa, mwanangu, ni kutafuta ule ufa wa Breithaupt kwa tochi.

Comrades mwaka huu usiende. Nalisema hata kabla ya picha ya mguu. Umenitajia Clapham, nami nikutajie ambayo hukuyataja. Mbio hizo aliomba aziendeshe tangu vita vilipokwisha, akakataliwa, akaomba tena, na ilimchukua hadi 1921 kuruhusiwa. Siku ya kwanza walianza watu 34, wakamaliza 16. Zilisimama miaka ya vita, kuanzia 1941 hadi 1945, zikasimama tena 2020 na 2021 kwa sababu ya korona, na kila mara zimerudi. Na yupo Wally Hayward. Alizishinda mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 21. Ushindi wake wa pili ulikuja 1950, miaka 20 baadaye, na katikati hapo alikuwa ameshapigana Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1989, akiwa na miaka 80, alizimaliza tena ndani ya muda. Wewe una 38. Kitinda mimba wako ndiye ana miwili, na huo ni umri ambao hauna toleo la mwakani.

Ila chunga namna ya kulisema. Usimwendee na sura ya mtu aliyetoa kafara: "Nimeacha mbio kwa ajili yako." Hiyo ni deni unampa, na siku utakayokuwa na hasira utakuja kulidai na riba. Mwambie mguu haujawa sawa, mwaka umejaa, umeahirisha, kwisha. Asipokushukuru usinune. Hakukuomba uache, alikuomba usome.

Kazini sina la kusema, inaonekana unaimudu.

Limebaki la ukuu wa kombania, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu unalificha. Unasubiri apoe ili umpe habari itakayompandisha tena? Ataipata kwa mke wa ofisa mwenzako, au kwa pongezi ya mtu dukani. Mwambie wiki hii, kama jambo ambalo bado halijaamuliwa, ili kauli yake iwe na kazi. Ukimwambia baada ya kumkubalia kamanda, hapo hujamshirikisha, umemtangazia.

Mimi naona cheo chenyewe unakistahili na sitaki ukikose. Ila usidanganyike na saa za kwenye karatasi. Marekani husema wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Uingereza vikosi vingi vya akiba hudai siku 27 kwa mwaka. Muulize mkuu yeyote wa kombania katika nchi hizo kama anamaliza kazi kwa siku hizo, atacheka. Askari mia na zaidi, kila mmoja na mwajiri wake, ndoa yake, deni lake, na wote wana namba yako. Marekani wametunga hata sheria, mwaka 1994, ya kumlinda mtu wa akiba asipoteze kazi yake ya uraiani kwa sababu ya kuitwa jeshini. Ya kumlinda asipoteze nyumba bado hawajamtungia.

Kombania na kilomita 90 katika mwaka mmoja haviingii. Ukipata ukuu, mwaka wa kwanza kimbia kwa ajili ya afya na akili yako tu, bila tarehe ya mashindano ukutani. Mkeo akisema kombania isubiri, msikilize mpaka mwisho, na usiende kumtafuta mjomba wa kuja kumshawishi. Pengine hakatai cheo. Pengine anataka kusikia kwanza nani atakuwa anampeleka mdogo kliniki.

Kabla ya kumjibu kamanda, muulize haya. Ukuu ni wa miaka mingapi? Naibu wako ni nani, na je, ana uwezo wa kushika simu za askari siku ambazo wewe umezima? Kambi ya mwakani ni lini, na tarehe hiyo imeshathibitishwa au inaweza kuruka? Ukiomba mwaka mmoja zaidi, jina lako linabaki kwenye orodha au linatoka? Makamanda wazuri hawachukii maswali hayo, wanajua maofisa wanaojiuzulu ni wale ambao hawakuuliza. Majibu yote umpelekee mkeo kama ulivyoyapata, pamoja na lile la simu za usiku, ambalo najua utatamani kulipunguza makali njiani.